Binti Mwingine

Nchi ya Tandawili imegawanyika sehemu mbili, juu ya mwinuko na chini ya mwinuko, na katikati hakuna kitu isipokuwa ukuta. Juu upepo ni mwororo, nyumba zimepakwa chokaa, na kila kilichopo kina jina lake peke yake: mlima unaitwa Sarandambo, mkuyu ulio mbele ya ikulu unaitwa Gavarondo, mbwa wa ikulu anaitwa Fimbiri, na hata kiti anachokalia mtawala anapokunywa uji wa asubuhi kina jina, na husherehekewa siku kilipochongwa. Wakaao huko huitwa Wapekee. Chini, kwenye matope ya chumvi na moshi wa kuni, wanaishi Wakawaida, na huko hakuna kilichopewa jina, si mtu, si mti, wala bonde lenyewe. Mchemsha chumvi ni mchemsha chumvi, mfinyanzi ni mfinyanzi, na mtoto ni mtoto mpaka mikono yake ipate kazi, kisha anaitwa kwa kazi hiyo. Wakitaka kutofautishana huonyeshana kwa midomo, wakisema yule, na yule, na yule wa kule. Mto nao hupita pote pawili. Juu unaitwa Aramandi, kwa heshima ya mtawala, na ukishapenya tundu la ukuta pamoja na maganda ya jikoni unakuwa mto tu, ingawa maji ni yale yale.

Jina la Mpekee halikuishia mdomoni. Lilichongwa juu ya mlango wake, na herufi ya kwanza ilifanywa kubwa kwa kadiri ya cheo. Herufi A iliyosimama juu ya mlango wa Mtukufu Aramandi ilijengwa kwa mawe juu ya jukwaa, ikapita paa la nyumba, na njiwa walitaga katika uwazi wake. Mwenye herufi hiyo hakuna aliyejua sura yake nje ya watu wa nyumbani mwake, kwa maana ilikuwa marufuku kumtazama. Akipita, watu waliinamisha nyuso, na mpiga mbiu akatangaza jina, na jina ndilo walilolisujudia. Kwa hiyo raia wote walimjua vizuri sana na hakuna aliyeweza kumtambua.

Mlinzi wa utaratibu huu wote alikuwa Mpambanuzi Mkuu, mtu mwembamba aitwaye Lukorito, ambaye kazi yake ilikuwa kutenganisha cha pekee na cha kawaida. Kipimo chake kilikuwa swali moja. Kitu kikiletwa mbele yake alikitazama, akanyamaza kwa adabu, kisha akauliza, "Je, kuna kingine?" Ukiuliza hivyo kuhusu mlima, utaambiwa milima imejaa duniani, basi mlima ni wa kawaida. Lakini Sarandambo ni mmoja. Watawala vilevile walikuwapo jana na watakuwapo kesho, ila Aramandi mwingine hayupo. Ni kipimo safi, sikatai, na kwa kupambanua maneno sijaona kinachokishinda. Ubaya ulianza siku Wapekee walipokitoa kwenye maneno wakaanza kuwapimia watu.

Hapo ndipo ilipozaliwa Sheria ya Badala, inayosema kwamba cha pekee kikipotea kitatafutwa, na cha kawaida kikipotea kitaletwa kingine. Mbwa Fimbiri alipotoroka kufuata jike fulani, jeshi zima lilivuka mabonde, mashamba ya watu yakakanyagwa, mpaka mbwa akapatikana amelala chini ya mkokoteni, ameshiba. Lakini mpasua kuni alipofukiwa na kifusi hakuna aliyeshika jembe kumfukua. Mkewe aliletewa mpasua kuni mwingine, mzima wa afya, na shoka lake. Wapekee walijisifia wema wa sheria hiyo, wakisema hakuna nchi nyingine ambapo maskini hapotezi kitu.

Basi palikuwa na mchemsha chumvi mmoja, mjane, aliyekuwa na binti wa pekee. Nasema wa pekee kwa sababu ndivyo alivyomwona yeye, ingawa kisheria nimekosea. Binti huyo alikoroga chungu cha maji ya chumvi tangu alipokuwa mdogo, na mvuke ulimwachia kovu jeupe nyuma ya kiganja cha kushoto. Asubuhi moja alipanda mwinuko pamoja na wasichana wengine, kila mmoja na kikapu cha chumvi kichwani. Langoni waliwekewa kokoto kwenye kibuyu, kokoto moja kwa kila msichana, na jioni kokoto zilitolewa kwa kadiri ya waliotoka, na kibuyu kikabaki kitupu kama inavyotakiwa. Mlinzi aliridhika. Mjane alikuwa akisubiri njiani, akamwona msichana wa kimo kile kile, mwenye kikapu kile kile, anamjia.

"Shikamoo, mama," alisema yule msichana.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Nimeambiwa ni mimi."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Watu wa ikulu walimwona binti wa chumvi akisimama na mzigo bila mkono kutetemeka, wakapenda ashike mwavuli wa mtawala, na ili hesabu ya lango isiharibike wakatoa msichana mwingine waliyekuwa naye jikoni. Hakuna aliyedhani amemdhulumu mtu. Mjane alimtazama mgeni wake, akataka kumfukuza, akashindwa, kwa kuwa msichana alikuwa amechoka na hakuwa na kosa. Akampa chakula. Alipomuuliza kwao ni wapi, msichana alijibu huku akitafuna.

"Sijui, mama. Kabla ya jikoni nilikuwa binti wa mfinyanzi. Kabla yake wa mchunga mbuzi. Wakinipeleka, nakwenda."

Usiku ule mjane hakulala, na kulipokucha alimshika mgeni mkono, akapanda naye mpaka barazani kwa Mpambanuzi Mkuu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkawaida kufika pale bila kuitwa, na makarani walidhani ameleta chumvi.

"Mheshimiwa," alisema, "huyu si mwanangu."

Lukorito hakuwa katili. Alikuwa mtu wa utaratibu, jambo ambalo kwa mwenye shida halina tofauti kubwa. Alimkaribisha asogee. "Ulipoteza nini, mama?"

"Binti."

"Na huyu uliyemshika mkono ni nini?"

"Ni binti. Lakini Mheshimiwa, mimi nilimpoteza yule."

"Yule yupi? Hata mbuzi anaitwa yule."

"Yule wangu. Ana kovu mkononi, hapa. Akipuliza moto hufumba jicho moja. Akicheka huficha meno."

"Makovu ni mengi," alisema Lukorito kwa upole. "Na wafumba jicho ni wengi. Ungeleta maelezo mpaka jua lizame, mama, na kila neno lingemfaa mwingine. Sheria haioni kitu isipokuwa jina, na binti yako hana."

Sidhani mjane alikuwa amepanga kufanya alichofanya. Alifungua mdomo akitaka kuomba radhi, kama wafanyavyo watu wake wakishindwa, na badala yake likatoka neno ambalo hakuna aliyepata kulisikia, hata yeye.

"Anaitwa Mwelindi," alisema.

Makarani waliangua kicheko, na Lukorito akaamuru kwamba jina litokalo kinywani mwa Mkawaida lihesabiwe kuwa kelele tu, kisha mjane akatolewa nje na binti aliyepewa. Lakini kelele haina lango. Penye tundu la ukuta, pale mto unapopoteza jina lake, sauti ya mtu aliye chini huingia kwa urahisi na kuvuma mpaka ikulu. Mjane alikwenda pale kila siku vyungu vikiwa vinapoa, akainama karibu na maji, akaita, "Mwelindi! Mwelindi, njoo nyumbani!" Aliita akijua jambo lililomuuma kuliko yote: kwamba binti mwenyewe hajui kuwa anaitwa hivyo, na anaweza kusikia wito huo kutwa nzima akadhani anatafutwa mwingine.

Yule msichana aliyekuwa naye alimsindikiza na kukaa kando, akichota maji kwa kiganja na kuyamwaga. Siku moja aliuliza, "Mama, na mimi kuna anayeniita?" Mjane alimvuta karibu, akaendelea kuita, na sauti yake haikuwa imara kama mwanzo.

Haukupita muda, wanawake wengine wakashuka mtoni. Kila mmoja alikuwa ameletewa mwingine, akanyamaza, akapika, akazoea. Sasa kila mmoja alitunga jina, akalitupa kwenye tundu la ukuta. Miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja msuka vikapu, mzee sana, masikio mazito na macho yamefunikwa na ukungu, aliyenyang'anywa mtoto wa kiume zamani kabla ya wengi wao kuzaliwa. Walipomwambia atunge jina hakuelewa kutunga ni nini. Jina la mtu alilolikumbuka lilikuwa moja tu, lile lililotangazwa na mpiga mbiu, akaona kwamba kama majina ni kitu kizuri basi mwanawe anastahili hilo. Akaita kwa sauti ya wazee wasiosikia, iliyo kubwa kuliko wanavyojua, "Aramandi! Aramandi mwanangu, rudi ule!"

Mtukufu alikuwa kwenye kiti chake chenye jina, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Alikishusha, akamwita Lukorito.

"Nani huyo anayeniita?"

"Hakuiti wewe, Mtukufu. Anamwita mwanawe."

"Aramandi ni mmoja."

"Alikuwa mmoja, Mtukufu."

Nimewahi kuona watu wakipoteza mashamba na wengine wakipoteza wazazi, lakini hofu iliyomshika Aramandi ilikuwa ya namna yake. Kipimo kilikuwa kikimtazama. Je, kuna mwingine? Kuna, yuko huko bondeni, mtoto wa msuka vikapu, hajulikani alipo, na kila alasiri anaitwa akale. Siku hiyo hiyo mbiu ikapigwa kwamba jina la Mtukufu ni takatifu mno kutamkwa na kinywa chochote, cha juu au cha chini, na atakayelitaja langoni hataingia kamwe.

"Basi tukuiteje?" aliuliza Lukorito.

"Niiteni mtawala. Nchi nzima inajua mtawala ni nani."

Lukorito alitaka kuuliza swali lake la siku zote, akalimeza. Ile herufi ya mawe ikafunikwa turubai, na njiwa wakahama.

Wanawake walisikia mbiu, wakamwambia bibi anyamaze. Bibi akauliza mnasema nini, wakarudia, akasema yeye hana habari na mtawala, anamtafuta mtoto. Akaendelea. Askari waliotumwa kumnyamazisha walirudi wakisema hawajui wamshitaki kwa lipi bila wao wenyewe kulitaja neno lililokatazwa. Mwishowe mtawala alikasirika kiasi cha kufanya jambo ambalo hakuna mtawala wa Tandawili aliyewahi kulifanya. Aliamua kushuka mwenyewe, bila askari na bila mpiga mbiu, maana mpiga mbiu hakuwa tena na la kutangaza. Alichukua mwavuli na mshika mwavuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Langoni mlinzi aliinamisha uso.

"Anatoka nani?"

"Mtawala na binti."

Mlinzi akaweka kokoto mbili za kutoka, akafungua, akafunga.

Mtawala alitembea kando ya ukuta mpaka mtoni, akitarajia kwamba wanawake wataanguka kifudifudi. Hawakuanguka, kwa sababu hawakumjua. Walimwona mtu mnene mwenye joho zito akiwanyooshea kidole na kusema nyamazeni. Mjane wala hakumwona. Aliona mkono ulioshika mpini wa mwavuli, na nyuma ya kiganja cha kushoto aliona kovu.

"Mwelindi!"

Msichana aligeuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Mjane akaliacha lile jina alilolililia siku zote hizo, akasema tu kwa sauti ya jikoni, "Mwanangu, ni mimi." Mwavuli ukaanguka majini. Waliposhikana hapakuwa na mwanamke pale aliyeweza kutazama bila kulia, na mtawala akabaki peke yake juani, akifumba macho na kutokwa jasho.

Hakuwa amezoea jua. Alirudi haraka langoni, akagonga.

"Anaingia nani?" alisema mlinzi kwa ndani.

"Mtawala."

"Alitoka mtawala na binti. Binti yuko wapi?"

Mtawala alipiga lango teke, akatukana, akaamuru Mpambanuzi Mkuu aitwe. Lukorito alikuja, akafungua kidirisha kidogo cha lango. Nadhani alimtambua. Alikuwa amemtumikia tangu ujana, na uso alioruhusiwa kuuona aliuona kila siku. Lakini alimtazama kama alivyozoea kutazama kila kinacholetwa mbele yake, akanyamaza kwa adabu.

"Sheria ni yako," alisema. "Kimetoka kitu na kitu. Leta mtawala, leta na binti, nitafungua."

Mtawala akarudi mbio mpaka penye wanawake, joho likiburuta matope. Sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Mama, sikiliza. Baki na wako. Nipe binti mmoja tu, yeyote. Huyo mwingine hukumzaa. Si wewe uliyekwenda barazani ukasema si mwanao?"

Ni kweli alisema. Wote walijua. Na kabla hajajibu, yule msichana wa kupewa alikuwa ameshaingia mtoni, ameokota mwavuli, ameukung'uta maji, anauweka begani. Hakulia wala hakungoja kuagwa. Wakimpeleka, alikwenda, ndivyo alivyofundishwa na Tandawili nzima. Mjane alimtazama mwanawe, akamtazama huyu, na kwa muda mfupi, sitaficha, alihesabu kama walinzi wa lango wanavyohesabu. Kisha akaushika mpini wa mwavuli.

"Yeyote hayupo hapa," alimwambia mtawala. "Huyu ni Mwelindi. Na huyu ni Nasimbe, mkubwa wake. Weka mwavuli chini, Nasimbe."

Msichana aliuweka chini polepole. Midomo yake ilijaribu lile jina bila sauti.

Mtawala akakimbia tena kwenye kidirisha, safari hii akisahau kila kitu isipokuwa mwenyewe. "Lukorito, mimi sihesabiwi na mabinti! Mimi ni Aramandi! Aramandi!"

Kidirisha kikafungwa.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, kisha ikalia ngoma, ile inayopigwa kila mara mtawala anapoketi kula. Ililia vizuri, kwa mapigo yake yote, bila kuharakishwa. Mtu aliyekuwa nje ya lango aliisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi, mkono ukiwa bado umegusa mbao.

Wanawake hawakucheka. Mjane alikuwa ameanza kuondoka, binti huku na binti huku, aliposimama kumpisha bibi msuka vikapu, aliyekuwa akija na fimbo yake akipapasa ukuta. Bibi hakuwa amesikia ngoma wala maneno yote yaliyosemwa pale, lakini neno moja lilimfikia.

"Nani kasema Aramandi?" aliuliza. "Aramandi, ni wewe?"

Alimfikia, akainua mikono, akampapasa uso, mabega, kisha vidole kimoja kimoja. Yule mtu hakuthubutu kusogea. Hakuna aliyewahi kumgusa hivyo, au kama aliwahi kuguswa, ilikuwa zamani mno, kabla ya herufi na ukuta, wakati ambao hata watu wa ikulu hawauzungumzii, kwa maana hakuna ajuaye watawala wa Tandawili hutolewa wapi.

"Umenenepa," alisema bibi. "Na mikono imekuwa laini. Walikufanyisha kazi gani huko, mwanangu?"

Yule mtu alitazama lango. Alitazama jua. Mjane na mabinti zake walikuwa wamesimama kumsubiri bibi, na moshi wa vyungu ulikuwa ukipanda nyuma yao.

"Sikumbuki, mama," alisema.